Hakuna Diski, au Sijaiona?

Katika kazi ya ualimu tulifundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Hakuna aliyetufundisha kuhakiki maneno yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta. Maneno hayo tumewaachia mafundi, kana kwamba si maandishi. Lakini ni maandishi. Yana mwandishi na yana msomaji, na msomaji wake kwa kawaida ni mtu mwenye hofu, ambaye mashine yake imegoma na ndani yake mna mali yake yote ya karatasi. Mtu wa namna hiyo huamini upesi anachokisoma. Kwa sababu hiyo nimeona si vibaya nikatumia kurasa chache kuhakiki kauli moja tu: ile inayotokea pale fundi anapochomeka flashi ili aiokoe mashine iliyogoma, na mashine ikamjibu kwamba diski haikupatikana.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la fundi, nieleze kwanza jambo lenyewe. Kompyuta ambayo programu yake kuu imeharibika haiwezi kujitibu, kama ambavyo mtu aliyezimia hawezi kujichoma sindano. Hivyo huamshwa kwa programu nyingine iliyo nje, zamani kwenye sidii, siku hizi kwenye flashi. Programu hiyo huingia katika kumbukumbu ya muda ya mashine, ikakaa humo bila kuitegemea diski ya ndani, na mashine ikizimwa nayo hutoweka. Kampuni ya Microsoft ilitoa ya kwake mwaka 2002, iitwayo Windows PE, kwanza kwa wateja wakubwa. Hiyo hujipa makao yenye herufi X, na ikifanya kazi saa 72 mfululizo hujizima na kuanza upya, maana haikukusudiwa kuwa ya kudumu. Watu wa Linux wana za kwao nyingi. Miongoni mwa zilizotangulia kupata jina ni Knoppix ya Mjerumani Klaus Knopper, ya mwaka 2000. Hapa nitaziita zote mazingira ya uokozi.

Mazingira ya uokozi yanafanana na mwalimu wa zamu aliyeitwa ghafla kuingia darasa asilolizoea. Kufundisha anajua, lakini wanafunzi anawajua kwa orodha aliyokuja nayo mkononi. Katika kompyuta orodha hiyo ni viendeshi, ambavyo mafundi wetu huviita draiva. Kiendeshi ni programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuzungumza na kifaa fulani: kioo, kadi ya mtandao, diski. Kila kifaa hujitambulisha kwa namba mbili, ya kiwanda na ya kifaa chenyewe. Vifaa vya Intel, mathalani, hutanguliza 8086, namba ile ile ya prosesa yao maarufu ya mwaka 1978. Mfumo husikia namba, hutazama katika orodha yake, na ukikuta kiendeshi kinacholingana humwita mwenye namba aje afanye kazi. Usipokikuta humwacha amekaa pale pale, yupo lakini hahesabiwi.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki wangu. Kifaa kisichokuwa na kiendeshi hakijafa, wala hakijapotea. Kipo, kina umeme na kimeitika jina, ila aliyeita hakuelewa itiko.

Siku hizi jambo hili limekuwa la kila siku kwa sababu maalumu. Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizotoka mwaka 2020, kompyuta mpakato nyingi huja zikiwa na kitu kiitwacho VMD ambacho kimekwisha kuwashwa kiwandani. Hicho ni kama geti la ua. Diski ipo ndani ya ua, na mgeni hawezi kuiona mpaka aongee na geti. Windows iliyowekwa kiwandani ina kiendeshi cha geti hilo, kwa hiyo mwenye mashine haoni tofauti yoyote miaka yote. Lakini siku mashine inapogoma na fundi akachomeka flashi yake, mara nyingi Windows iliyo ndani ya flashi haina kiendeshi hicho. Inafika kwenye geti, haijui namna ya kubisha hodi, na inarudi na habari kwamba nyumba hiyo haina watu.

Mama mmoja wa Mbagala, mwenye duka la steshenari, alipatwa na mkasa huo. Wenye kuzijua pande za Temeke na Kinondoni wanajua duka la steshenari ni nini kwa mtaa. Ndipo inapochapwa mitihani ya majaribio ya shule za jirani, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi na kadi za harusi. Mama huyu alikuwa pia katibu wa kikoba, na hesabu zote za akina mama wenzake, nani amekopa na nani amerejesha, zilikuwa ndani ya mashine hiyo. Mashine ilizimika ikiwa katikati ya kujiwekea masahihisho, na ilipowashwa ikawa inazunguka tu. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akachomeka flashi, akafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, akaukuta mweupe. Akamwambia, "Mama, pole. Diski imekufa. Inabidi ununue nyingine."

Mama yule alikuja kwangu, si kwa sababu mimi ni fundi, bali kwa sababu aliwahi kuwa mwanachuo wangu, na bado ananiita Mwalimu. Alitaka nimshauri namna ya kuwaeleza wenzake kwamba hesabu zimepotea. Nilimwuliza swali moja: fundi aliiona diski ikiwa imekufa, au aliambiwa na kioo? Akasema kioo ndicho kilichosema. Nikamtuma kwa kijana mwingine, wa Makumbusho, ambaye kabla ya kutamka lolote aliitazama prosesa ya mashine, akatafuta kiendeshi cha geti, akakitia kwenye flashi, akabonyeza pale palipoandikwa pakia kiendeshi. Ukurasa uliokuwa mweupe ukaonyesha diski ya GB 476 na ushei, ambayo ndiyo ile iliyouzwa kwa jina la GB 512, kwa sababu wauzaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Haikuwa imekufa. Mafaili yakanakiliwa kwanza, kisha ndipo Windows ikapigwa upya.

Sasa tuirudie kauli yenyewe tuitazame kama tunavyotazama mstari wa maandishi. Katika matoleo mbalimbali ya Windows inasema, kwa maana yake, kwamba diski hazikupatikana. Kisha inaagiza: bonyeza hapa ili upakie kiendeshi cha kuhifadhia. Tukitenda haki, mwandishi wa Kiingereza hakusema uongo. "Hazikupatikana" si "hazipo". Mtu aliyetafuta ufunguo asiupate hajasema ufunguo haupo duniani. Aidha, dawa imeandikwa hapo hapo chini ya ugonjwa, jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hushindwa kulifanya.

Kosa la kauli hii ni ukimya ulio katikati ya sentensi zake mbili. Ya kwanza inataja tatizo, ya pili inataja dawa, na hakuna hata neno moja linalosema kwa nini dawa hii inahusiana na tatizo lile. Msomaji hakuambiwa kwamba huenda diski ipo ila lugha yake haijulikani. Mwalimu yeyote anafahamu kinachofuata. Mwanafunzi asiyeona uhusiano wa sentensi mbili huchukua moja na kuiacha nyingine, na kwa kawaida huchukua ile inayotisha. Hivyo "hazikupatikana" inafika kwenye benchi la fundi ikiwa "hakuna". Kutoka kwa fundi inafika kwa mwenye mashine ikiwa "imekufa". Na mwenye mashine akifika nyumbani huwaambia watu wake "vyote vimepotea". Hatua tatu za tafsiri, kila moja ikiongeza uzito ambao ya kwanza haikuwa nao.

Kiswahili chetu kinayo mali ya kutosha ya kutenganisha mambo haya. Tunasema hayupo, sijamwona, simjui, haitiki. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba "Juma hayupo" na "Juma sijamwona" ni majibu mawili, na anajua kwamba mwalimu atamwadhibu akitoa la kwanza wakati ukweli ni la pili. Tunachomdai mtoto tumedaie na mashine.

Iko kauli nyingine ambayo haistahili hata utetezi huo mdogo. Katika mazingira hayo hayo kuna amri ya kuorodhesha diski, ambayo mafundi wazoefu huiandika kwa mkono badala ya kubonyeza. Diski ikiwa nyuma ya geti, amri hiyo hujibu waziwazi kwamba hakuna diski za kuonyesha, na haitaji kiendeshi wala njia nyingine. Fundi aliyejifunza kwamba amri za kuandika ni za kuaminika kuliko vitufe hupata uthibitisho wa uongo, na anauchukua kama cheti.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo mapya, na kwamba zamani kazi ilikuwa rahisi. Si kweli. Windows XP ya mwaka 2001 nayo ilikuwa na njia ya kupakia viendeshi, ila ilikuwa ya ajabu zaidi. Mara tu usakinishaji ulipoanza, mstari mmoja ulipita chini ya kioo ukimtaka mtu abonyeze F6 kama ana kiendeshi cha diski cha kampuni nyingine, na kiendeshi chenyewe kilipaswa kuwa kwenye diski laini. Mstari ulikaa sekunde chache ukaondoka. Huo ulikuwa mtindo wa mwalimu anayeuliza "nani hajaelewa?" kabla hajaanza somo. Tangu Windows Vista swali limehamishiwa mahali pake, yaani baada ya tatizo kuonekana, na kiendeshi kinaweza kusomwa kutoka kwenye flashi. Hayo ni maendeleo, na mhakiki mwaminifu hana budi kuyataja.

Mfano mwingine unaonyesha vizuri zaidi tabia ya mazingira haya. Windows 7, ya mwaka 2009, ilitoka bila viendeshi vya matundu ya USB 3.0. Watu waliotaka kuiweka kwenye mashine zilizotoka baadaye walikutana na kioja. Flashi iliamsha mashine vizuri kabisa, ukurasa wa kwanza ukafunguka, kisha ikatangazwa kwamba kiendeshi fulani hakipo, na flashi ile ile iliyoleta programu haikuonekana tena. Sababu yake ni kwamba mwanzoni flashi husomwa na programu ndogo iliyo kwenye ubao wa mashine, ambayo inayajua matundu yake. Baadaye Windows hushika hatamu, nayo haiyajui. Ni sawa na mgeni aliyeletwa na dereva mpaka ukumbini, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba hakuna gari lililowahi kufika. Mafundi wengi walitupa flashi nzima kwa tuhuma hiyo.

Nikiendelea na uhakiki, kitufe chenyewe cha kupakia kiendeshi nacho kina upungufu wake. Mtu akikibonyeza huonyeshwa dirisha la kutafuta folda, na hapo anadaiwa ujuzi ambao hakuna aliyempa. Kwanza, kiendeshi kinachotakiwa ni kile kilichofunguliwa, chenye faili linaloishia na inf. Lile faili moja la kusakinishia ambalo watu hupakua mtandaoni haliliwi hapo mpaka litolewe yaliyo ndani yake. Pili, kiendeshi cha biti 32 hakifai kwenye mazingira ya biti 64. Tatu, mazingira ya biti 64 hutaka kiendeshi chenye saini ya mtengenezaji. Asipotimiza hayo hujibiwa kwamba viendeshi vyenye saini havikupatikana, jibu ambalo linachanganya makosa matatu tofauti katika kapu moja. Mwalimu anayesahihisha kwa kuandika "kosa" tu, bila kuonyesha ni la tahajia, la sarufi au la hesabu, amejirahisishia kazi kwa gharama ya mwanafunzi.

Hata hivyo pana kisanduku kimoja cha kusifiwa. Nacho ni kile kinachoficha viendeshi visivyolingana na vifaa vya mashine iliyopo. Hapo mazingira ya uokozi yanakiri, bila kutamka, kwamba yameona namba ya kifaa na yanaweza kuilinganisha. Basi kama yameona namba, mbona hayakusema tangu mwanzo? Habari ilikuwamo ndani, haikufikishwa kwa msomaji.

Je, upande wa Linux hali ikoje? Kwa habari ya diski, mara nyingi ni bora, kwa sababu viendeshi vingi husafiri pamoja na kiini cha mfumo na hupakiwa vyenyewe namba zinapolingana. Fundi mwenye flashi ya Linux mfukoni anaweza kuonyesha kwa dakika chache kwamba diski iliyotangazwa kufa inapumua. Lakini wenye Linux wasijipigie makofi mapema. Maelezo yao hupita kwenye kioo kama mvua ya masika, mistari mamia, ya muhimu na isiyo muhimu kwa rangi ile ile; na kwenye kadi za mtandao usio na waya hukwama mara kwa mara kwa kukosa faili dogo la kampuni. Mmoja hunyima maelezo, mwingine humwaga yote, na msomaji aliyeogopa hapati msaada kwa yeyote.

Ipo pia njia ya mkato ambayo mafundi huipenda: kuingia kwenye mipangilio ya ubao na kuzima geti lile. Diski huonekana papo hapo. Lakini Windows iliyokuwa imewekwa kwa kupitia geti huweza kukataa kuamka, na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, mashine hudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao wenye mashine wengi hawajui kwamba waliwahi kupewa. Ufunguo huo ndio unaohitajika hata kwa aliyepakia kiendeshi kwa njia sahihi, kwa maana kuiona diski ni jambo moja na kuisoma ni jingine. Tena katika mazingira ya uokozi herufi huhama. Iliyokuwa C yaweza kuitwa D, na anayefuta kwa kutazama herufi bila kutazama ukubwa anaweza kufuta kisima badala ya ndoo.

Mtu ataniuliza kama tiba ya haya ni kutafsiri kila kitu kwa Kiswahili. Tafsiri tumekwisha kuijaribu, na kwa heshima. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya fahari. Lakini mazingira ya uokozi yanayotumika kwenye mabenchi yetu yamebaki kuzungumza Kiingereza, na hata yakitafsiriwa neno kwa neno ukimya ule wa katikati utabaki pale pale. Tena Kiingereza chenyewe kina mtego, kwa kuwa diski na kiendeshi hutofautishwa kwa herufi moja mwishoni, na fundi anayesoma harakaharaka hudhani sentensi zote mbili zinazungumzia kitu kimoja. Kiswahili kingeweza kumtoa mtegoni bila jasho, mradi tusiviite vyote viwili kiendeshi, kama nilivyosikia baadhi ya watu wakifanya. Diski na iitwe diski, kiendeshi na kibaki kwa programu inayoiendesha.

Mimi ningepewa kalamu ningeandika hivi: "Sijaiona diski ninayoweza kuisoma. Kuna kifaa kimeitika ambacho sina kiendeshi chake; huenda diski iko nyuma yake. Nipe kiendeshi kabla hujaamua kwamba diski imeharibika." Ni maneno machache, kioo kina nafasi, na mashine ina habari zote zinazohitajika kuyasema. Pasipo na kifaa kisichojulikana, kauli itakuwa nyingine. Hapo msomaji atajua tofauti ya msiba na usumbufu.

Mpaka hilo litokee, mzigo uko kwa wanaofundisha mafundi, iwe katika vyuo vya VETA au chini ya mwembe kwa fundi mkuu wa mtaa. Vijana hufundishwa kubonyeza, tena hubonyeza kwa kasi ya kustaajabisha. Wafundishwe na kusoma. Flashi ya kazi iwe na folda ya viendeshi vilivyokwisha kufunguliwa, na anayeweza avitie ndani ya mazingira yenyewe, kwa kuwa vinavyopakiwa kwa mkono husahaulika mashine inapozimwa. Kabla ya kutamka kwamba diski imekufa, iangaliwe kwenye mipangilio ya ubao kama inatajwa humo, na ijaribiwe kwa mazingira mengine. Tabibu hatangazi kifo kwa kuwa yeye hakusikia mapigo. Kwanza huhakikisha masikio ya kipimo chake yamekaa sawasawa. Na mwenye mashine naye, akiambiwa diski imekufa, anayo haki ya kumwuliza fundi kwa adabu: imekufa, au hujaiona?